Mwalimu Mgeni na Kosa la Mwenyeji

Nataka nikuulize swali moja, ndugu msomaji, nawe tafadhali usilijibu upesi.

Umesimama mbele ya darasa la watoto 36 katika nchi isiyo yako. Ubavuni mwako yupo mwalimu mwenyeji, mtu mzima aliyekuzidi umri kwa miaka 20 na zaidi, mwenye leseni ya ualimu ya nchi ile ambayo wewe huna. Anaandika ubaoni sentensi ya lugha mnayoifundisha pamoja, na ndani ya sentensi ile mna kosa. Si kosa kubwa, lakini ni kosa. Watoto wameinamia madaftari yao, wananakili. Kisha mwalimu yule anaiweka chaki chini, anakugeukia kwa uso mkunjufu, na mbele ya watoto wote anakuuliza: "Ni sawa?"

Utasema nini?

Wapo watakaosema kwamba kweli haina mkubwa wala mdogo, na mwalimu anayewaacha watoto wanakili kosa amekwisha kuwa mshirika wa kosa lile. Wapo pia watakaosema kwamba heshima ya mtu mzima mbele ya watoto ikivunjika haiungiki, ilhali herufi moja yaweza kurekebishwa kesho. Pande zote mbili zina hoja, na mimi nimezitumia hoja zote mbili kuitetea nafsi yangu kwa nyakati mbalimbali. Kwani swali hili sikulikuta kitabuni. Niliulizwa mimi, mwaka 1996, katika shule moja ya mji mdogo wa mkoa wa Shimane, upande ule wa Japani unaotazama Bahari ya Japani.

Nilikuwa nimekwenda nchi ile kusoma, kwa msaada wa masomo, na nilipomaliza, ofisi ya elimu ya mji ule ikanichukua kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja nisaidie kufundisha Kiingereza. Yafaa ujue kwamba Wajapani wameliwekea jambo hili utaratibu. Mwaka 1987 serikali yao ilianzisha mpango wa kuwaleta vijana wa nchi za nje mashuleni, na mwaka ule wa kwanza walikuja 848, wote kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Baadaye idadi yao ikaja kupita 5,000 kwa mwaka, na nchi watokazo zikawa nyingi zaidi. Mbali na hao, miji mingine huajiri wageni wake yenyewe, na ndivyo nilivyopata nafasi mimi. Lakini awe amekuja kwa njia hii au ile, mgeni huyu aghlabu si mwalimu kamili bali ni msaidizi. Darasa ni la mwenyeji mwenye leseni. Mgeni husimama pembeni yake, husoma kwa sauti, huzungumza na watoto, huwachezesha michezo ya maneno.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika mkataba. Yanayotendeka ni mengine. Ukiingia darasani, watoto husimama wote kwa amri ya kiranja wao, wakainama. Hukuita *sensei*, kama wanavyomwita yule mwenzio, na neno hilo kwa maandishi yao maana yake ni aliyezaliwa kabla. Mimi nilikuwa na miaka 29 na mwenzangu alikuwa na 52, nasi sote wawili tukaitwa waliozaliwa kabla! Wala haikuishia hapo. Mgeni hukimbiliwa na watoto ukumbini. Wazazi humwinamia sokoni. Akilitamka neno, darasa hunyamaza kimya kulisikiliza. Mwenyeji akilitamka neno lile lile, watoto humtazama mgeni waone kama atatikisa kichwa. Lugha ya Kijapani haitenganishi sauti ya *l* na ya *r*, kwa hiyo walimu wengi wa kule husumbuliwa na herufi hizo mbili maisha yao yote. Kwetu nako wapo wanaokwenda "kupiga kula" siku ya uchaguzi na "kura" chakula jioni, wala hatuwahesabu kuwa ni wajinga. Lakini mtoto wa miaka 13 hana insafu hiyo. Yeye husikia tofauti baina ya watu wawili, akaamua papo hapo ni nani mwenye elimu.

Sasa nikwambie jambo ambalo wazazi wale hawakulijua. Kiingereza si lugha ya mama yangu. Mama yangu aliondoka duniani bila ya kujua Kiingereza hata kidogo. Mimi nilikipata darasani, kwa chaki na fimbo, kama alivyokipata yule mwalimu wa Kijapani. Lakini sura yangu ilikuwa ya kigeni, na kwa wakazi wa mji ule kila sura ya kigeni ilikuwa ni ya mwenye Kiingereza. Mara mbili tatu nilijaribu kuwaeleza. Wakacheka wakidhani ni unyenyekevu, sifa wanayoipenda sana, nami nikazidi kupendwa. Basi nikanyamaza, nikaila heshima ile kama mtu aliyepewa mzigo usio wake bandarini akaubeba nyumbani.

Usidhani lakini kwamba maisha yale yalikuwa ya bwana mkubwa. Kila siku asubuhi nilivua viatu mlangoni mwa shule, nikavitia katika kisanduku chenye jina langu, nikavaa viatu vya ndani kama kila mtu. Ofisi ya walimu ilikuwa chumba kimoja kirefu, meza zimepangwa kwa mafungu zikitazamana, naibu mkuu wa shule amekaa mbele akiwaona wote. Majira ya baridi madarasa yalipata moto kwa stovu za mafuta ya taa, na ukumbini ulitoka moshi kinywani kama mvuta kiko. Chakula cha mchana watoto hukipakua wenyewe, wamevaa mashuka meupe na kofia, na mwalimu hula nao darasani chakula hicho hicho. Kwa ajili ya nyama ya nguruwe mimi nilikuja na kisanduku changu kutoka nyumbani, na kwa wiki mbili za kwanza kisanduku kile kilitazamwa kuliko mimi. Sala ya adhuhuri niliisali katika ghala ya ala za muziki, baina ya ngoma kubwa na mapiano mabovu, nikielekea magharibi na kaskazini kidogo. Ufunguo wa ghala ile alinipa naibu mkuu mwenyewe, bila ya kuniuliza maswali mengi, na kila adhuhuri akawa ananikumbusha saa. Mtu yule hakuwa na habari yoyote ya dini yangu. Alijua tu kwamba nina miadi, na kwamba miadi hutimizwa.

Baada ya chakula shule nzima husafisha. Walimu na watoto hupiga magoti na matambara, wakapangusa sakafu. Wageni wenzangu kutoka Ulaya waliandika habari hiyo kwao kama ajabu ya dunia. Mimi niliyekulia katika shule ya kufagia uwanja kwa fagio la chelewa kabla ya kengele nilijiona nimerudi nyumbani.

Nimekueleza haya ili uone kwamba mimi na mwalimu yule hatukuwa watu wa mbali. Tulipangusa sakafu moja. Na sasa turejee kwenye swali lake.

Sentensi aliyoiandika maana yake ilikuwa: Mama yangu hunipa nasaha nyingi. Katika Kiswahili nasaha ni nasaha, iwe moja au mia. Na Kiingereza nacho, kwa neno hilo, hakitii alama ya wingi. Yeye aliitia. Aliponiuliza kama ni sawa, mimi nilisema, "Hapana," nikasogea ubaoni, nikaifuta ile herufi ya mwisho kwa kidole gumba.

Hakuna aliyecheka. Watoto wa Kijapani hawamcheki mwalimu usoni pake. Lakini mvulana mmoja wa nyuma alimtazama mwenziwe, na mwenziwe akatazama chini akiuma mdomo. Mwalimu akaniinamia kichwa, akasema ahsante. Tulipofika ofisini akaniinamia tena, akasema ahsante mara ya pili. Nami nikafurahi! Nilijiona nimeitimiza kazi niliyolipwa.

Usiku wake, nikiwa nimejifunika blanketi miguuni, nilimkumbuka mtu ambaye sikuwa nimemkumbuka kwa miaka mingi.

Tulikuwa kidato cha pili, katika shule moja ya pwani kwetu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa makamo, mwenye koti la rangi ya kahawia alilolivaa hata siku za jua kali. Hakuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo alitutungia hadithi. Zilikuwa hadithi za wavuvi, za jahazi lililopotea, za mwanamke aliyemshinda kadhi kwa hoja, zote kwa Kiingereza chake mwenyewe, akituandikia ubaoni kipande kwa kipande, na kengele ilipolia tulihuzunika. Akaja kijana mgeni wa kujitolea kutoka ng'ambo, mwenye nia njema, ambaye sina neno baya la kumsema. Alikaa nyuma ya darasa siku tatu akisikiliza. Siku ya nne alinyoosha mkono, akasahihisha sentensi. Akasahihisha na ya pili. Ya tatu mwalimu wetu mwenyewe alisita, akamtazama kabla ya kuiandika, na hapo darasa likacheka. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Kijana yule aliondoka baada ya mwaka, na Kiingereza chetu, nakiri, kilikuwa kimenyooka zaidi. Lakini hadithi hazikurudi. Mpaka tunamaliza kidato cha nne, mwalimu wetu alisoma kitabuni, ukurasa baada ya ukurasa, wala hakuandika tena ubaoni sentensi iliyotoka kichwani mwake.

Je, ndugu msomaji, tulipata au tulipoteza? Nimeipima hesabu ile mara nyingi, na kila mara naona upande mmoja wa mizani unahesabika na wa pili hauhesabiki. Makosa yaliyosahihishwa yalikuwa matatu. Hadithi zisizosimuliwa nani atajua zilikuwa ngapi?

Na yale yale yakaja kutokea mbele yangu kule Shimane. Mwenzangu hakuniuliza tena. Tangu siku ile aliniletea sentensi zake kwa siri siku moja kabla, zimeandikwa kwenye karatasi kwa hati nzuri, nizikague. Na darasani akanipa kazi moja tu, kusoma kwa sauti kitabu, aya kwa aya, watoto wakinifuata, kana kwamba mimi ni kinanda cha kanda. Wageni wengi wanaofundisha katika nchi zile hulalamika kwamba wenyeji huwafanya kinanda cha kanda. Nami nililalamika vivyo hivyo kwa rafiki zangu. Sikuwaambia jinsi nilivyoanza kuwa hivyo.

Mji wa Matsue, makao makuu ya mkoa ule, upo kando ya ziwa liitwalo Shinji, na humo imehifadhiwa nyumba ya mwalimu mgeni mashuhuri kuliko wote waliopata kufika Japani. Jina lake ni Lafcadio Hearn. Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, kwa mama Mgiriki na baba wa Ireland, akafika Japani 1890 na kufundisha Kiingereza katika shule za Matsue. Mwaka uliofuata akahamia Kumamoto, na 1896 akapewa kufundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Akaoa huko, akachukua uraia, akaitwa Koizumi Yakumo, na hadithi za kale za Kijapani alizoziandika zinasomwa hadi leo. Nilikwenda kuizuru nyumba yake Jumapili moja ya mvua. Nilidhani nitatoka na fahari ya mtu aliyekutana na babu yake wa kazi.

Nilitoka nikimfikiria mtu mwingine. Mwaka 1903 chuo kikuu kilipoachana na Hearn, wanafunzi walikasirika na kumtetea. Na mmoja wa waliowekwa mahali pake alikuwa Mjapani, aliyekuwa amerudi mwaka ule ule kutoka masomoni London, jina lake Natsume Soseki. Naye pia alikuwa amefundisha katika shule ile ile ya Kumamoto, miaka michache baada ya Hearn. Wanafunzi hawakumpenda. Walimlinganisha na mgeni aliyeondoka, wakayaona masomo yake makavu. Ni mtu aliyekuwa amekaa London miaka miwili akijinyima chakula ili anunue vitabu, akirudi na maarifa ya kitu kile kile, lakini hakuwa yule. Baada ya miaka minne aliacha ualimu, akaingia gazetini kuandika riwaya, na kuanzia mwaka 1984 kwa miaka 20 noti mpya za yen 1,000 zilitoka zikiwa na picha yake.

Sisemi kwamba Hearn alitenda kosa. Kwa hakika alikuwa mwalimu mwema, na wanafunzi wake walikuwa na sababu ya kumlilia. Nasema tu kwamba kila mgeni anayependwa huacha nyuma yake kipimo, na mwenyeji atakayesimama mahali pake atapimwa kwacho, hata kama mgeni hakutaka. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilijiuliza njiani, garini, mwenyeji wangu mimi alipona nini.

Basi nikaapa kwamba sitamsahihisha tena mwenzangu. Na hapa ndipo penye kosa langu la pili, ambalo nalihesabu kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu lile la kwanza nililitenda kwa ujinga.

Ilikuwa Desemba 1997. Watoto wa mwaka wa tatu walikuwa na mtihani wa muhula, na alama za mtihani ule huingia katika ripoti ambayo shule hupeleka wanapoomba kuingia shule ya juu. Alama moja yaweza kumpeleka mtoto upande huu au ule. Binti mmoja, mtulivu, asiyesema darasani, alinifuata ukumbini akiwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili. Kiingereza kina njia zaidi ya moja ya kutaja jambo lijalo. Kitabu kilikuwa kimefundisha moja. Yeye katika mtihani alitumia nyingine, akakosa alama. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama alichoandika ni kosa. Hakikuwa kosa. Na zaidi ya hayo, niliijua sentensi ile. Ilikuwa yangu. Alikuwa ameisikia kwangu, katika mazungumzo, akaitunza.

Nilimwambia, "Kamuulize mwalimu wako."

Akainama, akaenda zake. Nami nilijua, kama unavyojua wewe sasa, kwamba binti yule hatamuuliza mwalimu kabisa.

Nilijipongeza kwa adabu yangu. Nilijiambia kwamba nimeisitiri heshima ya mwenzangu, kwamba nimejifunza kutokana na kisa cha yule mwalimu wetu wa koti la kahawia. Ilinichukua siku kadhaa kuikubali kweli iliyokuwa chini yake: mazungumzo ya kurefusha mkataba wangu yalikuwa yafanyike Januari, na mwalimu yule ndiye atakayeulizwa habari zangu. Ilikuwa ni hofu, na mimi niliivika kanzu ya adabu. Vitu hivi viwili, ndugu msomaji, hufanana sana kwa nje. Vyote hunyamaza, vyote huinamisha kichwa. Sijui alama nyingine ya kuvitenganisha ila hii: anayenyamaza kwa adabu hutafuta wakati mwingine na mahali pengine pa kusema, na anayenyamaza kwa hofu hushukuru kwamba wakati umepita.

Kipo kisa kinachosimuliwa katika vyuo vyetu, bila ya shaka umekisikia. Wajukuu wa Mtume (S.A.W.), Hasan na Husein, wakiwa wadogo, walimwona mzee akitawadha vibaya. Hawakumwambia kwamba amekosea. Walimwendea wakamwomba awe mwamuzi baina yao, kila mmoja atawadhe mbele yake, aseme ni nani anayetawadha vizuri zaidi. Mzee akawatazama, akaona wote wawili wametawadha sawasawa, akaelewa kwamba aliyekosea ni yeye.

Nilifundishwa kisa hiki nikiwa na miaka saba, na kwa miaka mingi nilikifahamu kuwa ni werevu, njia nzuri ya kumfikishia mtu habari bila ya kumuudhi. Siku zile za Desemba nilianza kukifahamu vingine. Watoto wale walijiweka kweli chini ya hukumu ya mzee. Walimpa kiti cha mwamuzi, wakakubali kutazamwa viungo vyao. Lau kusudi lao lingekuwa ni hila tu, mzee angeinusa, na aibu yake ingekuwa maradufu. Na hapo nikajiona: mimi sikuwahi hata siku moja kumpa mwenzangu nafasi ya kunihukumu katika jambo lolote. Nilikuwa nimemhukumu yeye, mara moja kwa kidole gumba na mara moja kwa kimya.

Baada ya likizo ya mwaka mpya nilimkuta ofisini peke yake, jioni, akitia mafuta katika stovu. Nilimwambia kweli iliyokuwa kweli: kwamba naweza kuzitamka zile njia mbili za kutaja jambo lijalo, na masikio yangu huniambia ipi itumike wapi, lakini sijui kwa nini, na mtoto akiniuliza sina la kumjibu. Nikamwomba anifundishe.

Akavuta kiti. Alinifundisha kwa muda wa saa nzima. Alitoa kwenye mtoto wa meza daftari kuukuu aliloandika alipokuwa chuoni, limejaa mifano, akanionyesha nia iliyopangwa kabla na nia inayozaliwa papo hapo wakati mtu anasema, na mahali ambapo tofauti hiyo hufifia isiwe na maana. Sikuwa nimepata kuelezwa lugha ile kwa ufasaha kiasi kile na mtu yeyote, mweupe wala mweusi. Mtu huyu ndiye niliyemfutia herufi ubaoni.

Kisha nikamtajia karatasi ya yule binti.

Akanyamaza kidogo. "Nilijua kwamba si kosa," akasema. "Niliijua sentensi ile imetoka kwako." Akaeleza kwamba mtihani ulikuwa wa kupima kile kilichofundishwa kitabuni, kwamba akiipa alama sentensi iliyotoka nje ya kitabu, itampasa apime na nyingine nyingi ambazo watoto waliziokota huku na huku, na watoto wasiopata nafasi ya kuzungumza na mgeni watakuwa wameonewa. Ilikuwa hoja. Mpaka leo siikubali, na siku ile nilimwambia kwamba siikubali, kwamba mtoto hafai kukatwa alama kwa kusema kweli ambayo kitabu hakijaifikia. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kubishana, na mara ya kwanza alinikatiza maneno bila ya kuniomba radhi.

Mwishoni alisema, "Pengine umesema kweli. Lakini mbona hukunijia Desemba? Alama zimekwisha kuandikwa katika ripoti. Zimekwisha kutiwa muhuri."

Sikuwa na jibu. Lile la mkataba sikuthubutu kumwambia.

Siku ya pili yake tulikuwa na darasa la mwaka wa tatu. Aliandika ubaoni sentensi zote mbili, moja chini ya nyingine, ile ya kitabu na ile ya binti. Akaiweka chaki chini. Akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1996, akaniuliza mbele ya watoto wote: "Ni sawa?"

Nikasema ndiyo, zote mbili ni sawa. Na kwamba sababu yake mimi nilifundishwa jana usiku na mwalimu wenu, basi na aieleze yeye. Akaanza kueleza. Kutoka pale niliposimama nilimwona yule binti, karibu na dirisha. Hakuinua uso kunitazama mimi wala kumtazama mwalimu. Alikuwa ameinamia daftari lake, ananakili.